Vigelegele Bungeni

Bibi yangu anashuka ngazi kwa makalio. Tuko ghorofa ya tatu, magharibi mwa Sydney, lifti hakuna. Nyumba ni ya serikali ya jimbo, kwa hiyo mama aliona dawa ni mbunge wa jimbo, atuhamishie nyumba ya chini.

Ofisini kwake tulipokelewa na msaidizi, dada mwenye tabasamu la muuza simu. Kazi ya wasaidizi, nilivyoelewa, ni kuhakikisha mbunge haonekani.

"Mheshimiwa yuko mjini, bungeni. Alhamisi anazungumzia nyumba za serikali," alisema. Nikamtafsiria mama.

"Basi tutamfuata huko huko."

Alhamisi nikawaambia shuleni nina miadi ya daktari wa meno. Mama na mama mdogo wakavaa vitenge vya harusini. Tukapewa viti juu, kwenye roshani ya wageni.

Chini, Spika alikuwa anaomba utulivu na hakuna anayetulia, kama mwalimu wetu wa hesabu. Mbele yake makatibu walimnong'oneza kanuni. Mawaziri viti vya mbele. Mbunge wetu nyuma kabisa, mahali ninapokaa mimi darasani. Kila chama kina kiranja wake, na huyo wa chama chake akampa ishara. Akasimama.

Mama akapiga vigelegele.

Kwetu, mtu wako akisimama mbele za watu, humwachi asimame kimya kimya. Mama mdogo akaitikia. Spika akainua kichwa, na mhudumu wa bunge akatutoa nje kwa adabu nyingi.

Kwenye treni nikafungua matangazo ya bunge kwenye simu tumsikilize. Alikuwa anasoma karatasi, anasifia serikali yake. Ngazi hakuzitaja, Bibi hakumtaja. Halafu akacheka kidogo: "Mmesikia wenyewe shangwe za familia za jimboni kwangu. Wameridhika na nyumba zao." Wenzake wakaitikia, "Naam, naam."

"Amesema nini?" mama akauliza.

Nikazima simu.

"Amesema tumeridhika."

Tukafika nyumbani. Bibi alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye shuka, tayari kwa kuhama.

"Wamesemaje hao wakubwa?"

"Wamesema tumeridhika," mama akajibu.

"Nani kawaambia?"

"Mimi," mama akasema, akaingia chumbani kuvua kitenge.