Mama Hapendi

Nyumbani kwetu neno la kufunga mjadala lilikuwa moja: "Mama hapendi." Kaka yangu Talib alilitumia tangu baba alipofariki. Nilipopata kazi ya kutembeza wageni katika msitu wa Jozani, kazi niliyoipenda kwa roho yangu yote, alinijia chumbani akaninong'oneza kuwa mama hapendi, ila anaona haya kuniambia. Nikaacha. Nililia sana, lakini mama ni mama.

Kwa hiyo mke wa Talib, Rawiya, alipotaka kushiriki mbio za usiku za msimu wa kaskazi, kutoka Bububu mpaka Forodhani, jibu nililijua. Safari hii Rawiya alinuna wiki nzima mpaka Talib akakubali kwa masharti. Avae nikabu, naye atakimbia nyuma yake. Akimpotea machoni, basi ndiyo mwisho wake wa kukimbia. Mama hakuwapo kutoa neno. Alikuwa kenda Bububu kwa dada yake tangu asubuhi.

Nilikwenda Forodhani kuwasubiri. Rawiya akanitokea peke yake, nishani shingoni, mtandio wa kijani kichwani, anahema na kucheka.

"Talib yuko wapi?"

"Nlimwacha kule kule Bububu, wifi. Miguu ilikataa kumngoja."

"Leo umekwisha weye!"

Hata sijamaliza kumgombeza, Talib huyo anakuja, jasho linamchuruzika, nyuma ya mwanamke mwembamba mwenye nikabu na mtandio wa kijani. Kumbe wanawake wote wa kikundi cha Rawiya walikata kitambaa cha sare. "Rawiya, jisitiri!" kaka yangu alikuwa anapiga kelele. "Rawiya, polepole, watu wanakutazama!" Yule mwanamke hakugeuka. Alivuka mstari, akashika magoti, kisha akafunua nikabu apate pumzi.

Alikuwa mama.

Talib alikaa kitako pale pale barabarani. Mimi nikaropoka, "Shikamoo, mama," utafikiri ndiyo kwanza anarudi Hijja.

"Marahaba," alijibu, anatweta.

"Mama!" Talib alisema. "Umeanza lini mambo haya?"

"Tokea mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Kila baada ya alfajiri na mkeo, wewe unakoroma. Nlivaa nikabu usinijue, kumbe utanifukuza njia nzima kama mwizi!"

"Lakini mama, wewe si hupendi..."

"Nani kakwambia sipendi? Lini nlisema?"

Talib alianza kufungua kamba za viatu vyake.

"Na Jozani, mama?" niliuliza.

Aliniangalia, hakuelewa. "Jozani kuna nini, mwanangu? Si ulichoka mwenyewe ukaacha? Mie nlisikitika vibaya sana. Ila kaka yako alinambia nsikuulize, utaona haya."