Anguko la Butere

Chama chetu cha kutazama filamu za kuchekesha hakina mzaha hata kidogo. Tuna mwenyekiti, tuna mweka hazina, na mimi ni katibu. Tunaanza kwa maombi, tunasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, tunazithibitisha, ndipo tunamtazama mtu akiteleza kwenye sakafu yenye sabuni. Halafu tunajadili. Nimewahi kuandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Wanachama walicheka. Ilipendekezwa na kuungwa mkono kwamba sehemu ile irudiwe." Sisi wa Kakamega hatuwezi kukutana watu watano bila kuchagua kamati, na hata kicheko kikija kinatukuta tumeketi kwa utaratibu.

Mimi ndiye ninayezikusanya filamu hizo. Nina kibanda mjini ambako nahamisha kanda za zamani kwenda kwenye flashi: harusi, ubatizo, mazishi, mazishi tena. Watu huniletea katoni nzima wakitafuta sura ya marehemu nyanya yao, nami, kwa ruhusa yao, hubaki na vichekesho vilivyorekodiwa kutoka runingani enzi hizo. Nimejaza kabati zima. Mke wangu alihamishia nguo zake kwenye sanduku, na kabati hilo huliita mke mwenzake.

Mjuzi wetu mkuu ni mzee mmoja wa Shirere, afisa wa kilimo mstaafu, mpole, mwenye kofia ya sufu anayoivaa hata ndani ya nyumba kwa sababu ya upara. Yeye peke yake kati yetu amewahi kuigiza. Katika ujana wake, kabla ya kuajiriwa, alipata nafasi ndogo katika filamu ya kuchekesha ya hapa nchini, na fani yake ilikuwa kuanguka. Tukibishana kuhusu hawa wachekeshaji wa zamani, nani hodari na nani alibebwa tu, yeye hungoja tuchoke, kisha anasema polepole:

"Angalieni kofia. Mtu akianguka kweli, hana habari na kofia. Itaenda tu yenyewe. Lakini huyu wa kazi, ataanguka vile unataka na kofia ibaki kichwani. Hapo ndio utamjuanga."

Tangu atuambie hivyo hatukutazama tena nyuso za waigizaji. Tulitazama kofia tu, na kuandika matokeo.

Filamu yake mwenyewe hatukuwahi kuiona. Tulipomuuliza iko wapi, alisema iliungua. Mwaka mwingine alisema ilisombwa na mafuriko. Nilipaswa kushtuka, maana kanda moja haiwezi kuungua na kisha kuzama, lakini nilimhurumia tu na kuendelea kuitafuta.

Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, si mwanachama. Anasema yeye ana kazi ya kufanya. Lakini zamu ya nyumba yao ikifika hutuletea chai na viazi vitamu, na hapo ilikuwa lazima asimulie alivyoolewa. Hadithi hiyo tuliijua kama Baba Yetu Uliye Mbinguni. Kwao Butere walikuwa wamekuja wachumba wengine, mwalimu mmoja na mwenye duka mmoja, wote na maneno matamu. Kisha akaja huyu. Akavuka ua kwenda kumsalimu baba mkwe, mguu ukanaswa kwenye kamba ya mbuzi, akaruka ruka kwa mguu mmoja, akaketi ndani ya karai la maji ya vyombo, miguu juu.

"Na kofia bado iko kichwani," Mama alimalizia kila mara. "Akanyoosha mkono kutoka kwa karai, akamaliza salamu: mulembe, baba! Nikajiambia, wale wengine wananidanganya na mdomo. Huyu hata akitaka kudanganya, hawezi. Nikamchukua."

Nasi tuliketi pale, mabingwa wa kofia, tukacheka na kunywa chai, na hakuna hata mmoja aliyefikiri lolote.

Mwaka huu mwanamke wa Khayega aliniletea kanda za harusi ya dada yake. Mwisho wa mojawapo, harusi ilipokatika, kikaendelea kichekesho cha zamani kilichokuwa kwenye kanda hiyo kabla harusi haijarekodiwa juu yake, na kijana mwembamba akaingia katika ua wa watu. Nilimtambua kwa umbo la masikio yake: alikuwa mzee wetu. Furaha iliyonishika siwezi kuieleza. Nikaizima papo hapo ili nisiione peke yangu. Kikao kilichofuata kilikuwa kwa mzee, kwa hiyo niliandika kwenye ajenda "Filamu ya mwanachama mwenzetu," nikampigia Mama simu na kumwalika rasmi kama mgeni wa heshima.

Siku yenyewe, mzee aliponiona nafunga projekta aliniuliza leo ni ipi. Nikamwambia, nikitabasamu mpaka masikioni. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye migomba.

"Kijana," akasema, ingawa nina mvi, "hiyo usiweke."

"Kwa nini, mzee?"

"Mle ndani naanguka."

"Si ndio tunataka?"

"Naanguka na kamba ya mbuzi. Ndani ya karai."

Mambo yakaanza kujipanga kichwani mwangu.

"Filamu ilikuwa kabla ya Butere ama baada?"

"Kabla." Akatazama dirisha la jikoni. "Miaka hii yote Mama anaaminianga siwezi kumdanganya. Ndoa yangu imesimama hapo. Sasa wewe unataka kuibomoa na projekta?"

Nilijichukia. Nikarudi ndani mbio na kuomba ajenda ile iondolewe. Mwenyekiti akavaa miwani. Ajenda, akasema, imesomwa na kupitishwa. Kuiondoa kunahitaji kura, na kura inahitaji notisi. Nikasema flashi ina virusi. Mweka hazina, mtu ambaye hajawahi kurekebisha chochote maishani, akaomba aijaribu, na kwa mara ya kwanza kitu kikafanya kazi mikononi mwake. Mama aliletwa akakalishwa kiti cha mbele. Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani.

Tulicheka mpaka pale kwenye kamba. Kisha kicheko kikafifia, mmoja baada ya mwingine, jinsi kila mtu alivyoanza kuitambua hadithi. Ukutani kijana akaruka ruka, akaketi kwenye karai, miguu juu, kofia kichwani, akanyoosha mkono. Tofauti ilikuwa moja tu: kwenye filamu alisema hodi.

"Rudisha," Mama akasema.

Nikarudisha. Akatazama tena.

"Baba, hii ni ya kabla hujakuja kwetu?"

"Ni ya kabla."

"Kwa hivyo ulikuwa unajua kuanguka."

"Nilikuwa najua."

Mwenyekiti akakohoa na kupendekeza jambo hili lipelekwe chini ya mengineyo. Hakuna aliyeunga mkono.

"Kwa nini ulinifanyia hivyo?" Mama akauliza.

"Nilijua baba yako ataniuliza mambo ya shamba, na sikuwa na shamba. Wewe ulikuwa umesimama kwa mlango umenuna. Nikaona nimeshindwa." Mzee alisema akiwa ameinamisha kichwa. "Hicho tu ndio kitu nilikuwa najua kufanya vizuri."

"Kwa filamu walikulipa?"

"Walinilipa. Kwenu nilianguka bure."

"Bure?" Mama akainuka, akachukua thamosi. "Kwetu ndiko ulilipwa. Mimi ndio malipo." Akaingia jikoni. Tulisikia sufuria zikipangwa kwa nguvu ambayo sufuria hazihitaji.

Mzee akainuka kumfuata. Mlangoni mguu ukanaswa kwenye waya wa projekta. Aliruka ruka, akashika hewa, akaketi chini kwa kishindo kilichotikisa vikombe, na ukuta ukawa giza. Kofia ya sufu ikabingirika mpaka chini ya kabati.

Mama alitokea mbio. Somo la kofia amelisikia akitumiminia chai kwa miaka, kama sisi. Hakumtazama mumewe kwanza. Alikitazama kichwa kitupu, kisha akaitafuta kofia kwa macho mpaka akaiona.

"Hiyo sasa ni ya kweli," akasema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea mlango, nasi tukacheka kwa mara ya kwanza bila kupendekezewa. Kisha akamwinua, akimkung'uta vumbi na kumgombeza.

Siku hizi akileta chai hasimulii tena Butere. Anasimulia Shirere, jinsi mume wake alivyokimbilia kumwomba msamaha hadi akasahau waya, na wanachama wanatikisa vichwa kwa heshima. Kwenye kumbukumbu niliandika tu: "Kicheko kilikuwepo. Kikao kilifungwa kwa maombi." Mama husoma Biblia na maandishi ya magunia ya mbolea, vitabu kama hiki hana haja navyo, kwa hiyo hapa naweza kusema. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya waya. Kabla mguu haujaufikia, niliuona mkono wa mzee ukipanda, na kidole kimoja kikailegeza kofia.