Kupumzika kwa Urbain

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Mvua ilikatika saa nne asubuhi, joto likapanda, na vioo vya duka la mapazia kule Umbilo vikafunikwa na mvuke.

Clementina alikuwa akishona pindo simu ilipolia. Ni mtu wa Bunda, na huu ni mwaka wake wa kumi na sita Durban. Baada ya cherehani husimamia Tuko Macho, kundi la WhatsApp la Watanzania na Wakongo wanaoshikana mkono mawazo yanapowazidi. Yeye mwenyewe aliingia humo akiwa hajalala wiki tatu. Sasa kila mwanakundi ana ukurasa katika daftari lake: herufi ya kwanza ya jina na maneno anayopenda kutumia, maana Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bunda hupishana.

Urbain wa Lubumbashi, dereva wa lori huko Clairwood, alikuwa ameandika kundini: "Niko nataka tu kupumuzika."

"Pumzika, kaka, hata lori hupelekwa servisi," Machano akamjibu.

"Omba congé, papa," akaongeza Yvette wa saluni.

Clementina akafungua daftari. Kwa miezi minane, likizo ya Urbain ilikuwa congé, na usingizi ulikuwa kulala. Kupumzika alikutaja mara moja tu, akisimulia kifo cha mdogo wake: "Alipumuzika."

Akampigia.

"Kaka Urbain, uko wapi?"

"Ku parking, maman. Ndani ya lori."

"Nakuuliza wazi. Unafikiria kujiua?"

Honi ikalia mbali.

"Eish, maman. Wengine wanasemaka pole."

"Pole utapata baadaye. Nijibu."

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri kuniambia. Doudou wa kundini anafanya kazi karibu na geti lenu. Namwita kwa simu ya duka, wewe usikate. Akifika, mpe funguo za lori."

"Doudou ule wa maneno mingi?"

"Huyo huyo. Leo unalala kwake, na hutapata nafasi ya kuwaza."

Urbain akaguna, karibu kucheka. Clementina hakukata simu mpaka aliposikia mlango wa lori ukifunguliwa na Doudou akianza kuongea.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi, Clementina alikaa na Urbain kwenye benchi la kliniki. Muuguzi alipouliza shida ni nini, Urbain alisema amechoka. Clementina akatikisa kichwa.

"Mwambie lile la jana."

Urbain akalisema.