Kichwa cha Treni Kilichonyweshwa Dizeli

Niliondoka Lindi kwa hasira. Binamu yangu Saidi, mtoto wa mama mdogo, aliazima kichwa changu cha treni pamoja na vipande vyake vya reli, ati akawaonyeshe wanafunzi wa kijijini kwake Njinjo. Ni mfano wa treni ya dizeli ya Waingereza, ile yenye pua mbele na nyuma na magurudumu sita kila upande. Urefu wake unazidi shubiri kidogo tu. Mimi ni fundi umeme. Nilikinunua kibovu kwa mtu wa Dar es Salaam, nikakifufua mwenyewe, gia kwa gia. Huku kwetu reli iling'olewa kabla sijazaliwa. Hiyo ndiyo treni pekee niliyowahi kuiendesha.

Kisha shoga yangu akanitumia picha kwenye simu. Saidi amekiinua juu ya kichwa chake, na chini pameandikwa: "Mbunifu wa Njinjo atengeneza treni ya dizeli." Nilimpigia, hakupokea. Nikafunga kibanda changu cha ufundi.

Basi lilitufikisha Nangurukuru kabla ya adhuhuri. Nilikodi bodaboda ya kuingia ndani hadi Njinjo. Dereva, kijana mchangamfu, aliniuliza kama naenda kumwona mbunifu.

"Anajenga kubwa sasa, mama," alisema. "Wanafyeka mikorosho wapate njia ya majaribio."

"Mikorosho ya nani?"

"Ya Bibi Somoe. Kijiji kimekubali."

Nilimwambia aongeze mwendo. Vumbi lilinijaa mdomoni ingawa nilikuwa nimeuma meno.

Njinjo, jambo la kwanza nililoliona ni mkorosho uliolala chini, majani bado mabichi. Mwanamke mzee, bila shaka ndiye Bibi Somoe, alisimama kando yake akiwa amejifunga kanga mbili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nawe umekuja kuitazama treni?"

"Nimekuja kuichukua. Ni yangu."

Aliuacha mti, akanifuata.

Mbele ya ofisi ya kijiji watu walikuwa wamezunguka meza iliyofunikwa kitambaa hadi chini. Reli zangu zilikuwa juu yake. Kichwa kilisogea kwa kukwamakwama, huku kikinuka dizeli. Rangi yake ya kijani, niliyoipaka kwa brashi ya nywele chache, ilikuwa inabambuka. Saidi aliponiona, alinijia haraka.

"Dada! Karibu. Tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa hapa. Wafungulie uwaonyeshe injini."

Alikigeuza huku na huku. Hakujua pa kubana. Nilikinyakua, nikaminya ubavuni, ganda likatoka. Mafuta yalichuruzika hadi kwenye kiwiko changu. Alikuwa amekimiminia dizeli ili kinuke kama cha kweli, na gia za plastiki zilikuwa zimegandamana na uchafu.

Nilikinyanyua kile kitambaa. Chini ya meza palikuwa na betri ya pikipiki, na nyaya zake zikipanda hadi kwenye reli.

"Hiki hakinywi mafuta," nilisema. "Treni yenyewe, ile kubwa, ina injini ya dizeli inayozungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme, na umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli za magurudumu. Hii ndogo haina injini wala jenereta. Ina mota moja hapa katikati, inayokula umeme wa betri kupitia reli. Saidi hajatengeneza hata skrubu!"

"Unaniaibisha mbele ya watu, dada."

"Na mkorosho ulioukata unamwaibisha nani?"

Mwenyekiti wa kijiji aliinama, akaishika betri kwa mkono wake mwenyewe. Alipoinuka alisema kwa sauti ndogo kwamba mapanga yarudi majumbani, hakuna mti mwingine utakaoguswa. Saidi aliondoka kwa kupita nyuma ya ofisi. Hakuna aliyemzomea. Walibaki wanazitazama zile reli kana kwamba bado kuna kitu kitakachokuja, na hilo liliniudhi kuliko kelele yoyote.

Nilipopanda bodaboda kurudi, pale pale kwenye mkorosho, Bibi Somoe alikuja kunishika mkono.

"Ahsante, mwanangu. Wewe umekipata chako."

Nyuma yake mti ulikuwa bado umelala.

Lindi, nilikiosha kichwa kwa spiriti, nikabadilisha gia. Kinatembea, ingawa rangi imeharibika. Hasira haijaisha, ila imehama. Njia nzima ya kwenda nilijiona mimi ndiye niliyedhulumiwa. Njia nzima ya kurudi niliuona ule mkorosho, na katika zana zangu zote hakuna hata moja ya kuusimamisha.