Jumatatu ya Wauza Nyama

Mume wangu Okanya aliuza nyama Busia tangu kabla ya Uhuru, na kama kuna mtu aliyenichosha kwa wema wake, ni yeye. Mume mbaya unajua pa kumshika. Unamsema, anakusema, yanaisha. Huyu wangu ukimfokea anakuambia, "Ni kweli, Mama Maggie," halafu anakwenda kufanya lile lile ulilomkataza.

Hapo mwanzo alikuwa mlevi, na mizani yake haikupima bila kidole gumba kuikandamiza. Kisha akaokoka. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni mwa bucha akawaambia wateja, mmoja mmoja, kwamba alikuwa akiwapunja na kuwafichia mfupa chini ya nyama. Nilitaka ardhi inimeze! Lakini ajabu ni kwamba watu walizidi kuja. Walisema huyu angalau ametuambia, hao wengine je?

Bucha yetu ilikuwa upande wa Uganda, na wateja walitoka pande zote mbili za mpaka. Siku ya nyama ni Jumapili. Mwalimu, karani, askari, kila mtu akitoka kanisani anataka ratili yake ya mchuzi. Sasa muuza nyama ataingia kanisani saa ngapi? Na siku akiingia, watu wanasogea kwenye benchi na kushika pua, wale wale ambao mchana watakuja kumwambia, "Niwekee pale penye mafuta." Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumwambia Okanya akae nyuma karibu na mlango, eti upepo usaidie. Okanya akakaa. Mimi ningemwachia kanisa lake na upepo wake.

Basi Okanya akasema, kama muuza nyama hawezi kuifuata ibada, ibada itamfuata muuza nyama. Jumatatu watu hawana hela ya nyama, bucha zinalala. Akatandika mabenchi mbele ya bucha yetu, akawaita wenzake. Walikuja kwanza kwa ajili ya chai yangu, wasikudanganye. Lakini walirudi. Waliimba, walisoma, na walitubu mambo ya kazi yao yenyewe: nani amechanganya nyama ya jana na ya leo, nani amenunua ng'ombe akijua ni wa wizi. Mambo ambayo mchungaji asingeyajua hata angefunga na kuomba mwaka mzima.

Cornelius, mwenye bucha ya pili kutoka kwetu, alipojikata vidole kwa shoka, ndugu walishika zamu ya kumfungulia mpaka akapona. Walipanda baiskeli mpaka Malaba na Tororo kuwatafuta wauza nyama wa huko. Mmoja wa Osukuru aliyekuwa akimpiga mkewe kila siku ya mnada aliacha kabisa. Mkewe mwenyewe alikuja kuniambia. Hapo hata mimi, na mdomo wangu huu, nilinyamaza.

Na Zubairi alikuwepo. Huyu ndiye aliyekuwa akichinja. Asiyejua mambo ya bucha nimweleze: kwetu ng'ombe wa kuuzwa huchinjwa na Mwislamu, hata mwenye bucha akiwa mzee wa kanisa. Ni desturi tu, ili kila mtu mjini ale bila kuuliza maswali. Zubairi aliwachinjia wote alfajiri machinjioni, ujira wake kipande cha shingo na hela kidogo. Jumatatu alikuja na kofia yake, akaketi mwisho wa benchi, akanywa chai, hakuimba. Walipomhimiza aokoke alicheka tu. "Mimi nimekuja kukaa na watu wangu wa kazi," alisema. Okanya alimpenda mno mzee yule.

Ushirika ule ulikuwa roho ya Okanya. Watoto aliwapenda, mimi alinipenda, lakini Jumatatu ndiyo iliyomtoa kitandani akiimba. Kila mtu alijua: umguse Okanya popote, usiguse ushirika wake.

Mwaka wa sitini na sita tukaletewa mwinjilisti mpya, Osborn, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu alikuja bila kamba, akaanza kuparua siku ile ile. Aliusifu ushirika, akauandikia habari huko kwa wakubwa wake, kisha akaanza kumtazama Zubairi pale mwisho wa benchi. Jumatatu moja, Zubairi akiwa amesafiri, Osborn akauliza, "Ndugu zangu, mmeoshwa au hamjaoshwa?"

"Tumeoshwa!"

"Mbona basi ng'ombe wa mtu aliyeoshwa anaombewa na dini nyingine? Mnaogopa nini kushika kisu wenyewe?"

Cornelius ndiye aliyepiga amina ya kwanza, tena kwa sauti. Nilimjua Cornelius. Kile kipande cha shingo kilimuuma kila alfajiri. Wengine wakaitikia kwa sababu mwenzao ameitikia, na kabla chai haijapoa wakawa wamekubaliana.

Tulipokaa kula nikamwambia mume wangu, "Baba Maggie, huyu kijana hajawahi kuuza hata utumbo. Mwambie hapana. Wewe ndiye mkubwa wao."

"Nikisema hapana, ushirika utagawanyika," akasema. "Wako watakaomfuata yeye na watakaonifuata mimi. Afadhali tukose kisu cha Zubairi kuliko kukosa umoja."

"Umoja! Kwani Zubairi hayumo katika umoja huo?"

"Ni kweli, Mama Maggie."

Wiki haikuisha Zubairi akawa haji tena machinjioni. Nilipomuuliza Okanya mzee ameyapokeaje, alisema ameelezwa na ameelewa. Nikaona ajabu, lakini nikaacha.

Jamani, tulikiona cha moto! Familia za Waislamu za mjini ziliacha kununua siku ya kwanza, hilo nililitegemea. Lakini Wakristo! Leonida, mwenye hoteli, mshirika wa kanisa letu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuja akatazama paja lililoning'inia, akauliza, "Nani amechinja?"

"Ni sisi wenyewe," nikamjibu.

"Basi leo nitapika maharagwe. Dada, usikasirike. Kwangu wanakula madereva, na nusu yao ni Waislamu. Nitawaambia nini, huyu ale sahani hii na huyu asile?"

Akafuata mama mwenye shemeji aliyesilimu. Akafuata aliyekuwa na mpangaji Mwislamu. Mji wetu, ukitafuta nyumba ambayo haijawahi kupokea Mwislamu mezani, utatafuta mpaka viatu viishe. Nyama ikabaki kwenye ndoano. La kuvunda halina ubani, na la bucha linavunda upesi. Nilikausha nyingine juani, nyingine nikawapa majirani, nyingine tukazika, mimi nikilia kwa hasira na Okanya akichimba shimo.

Kisha nikaona jambo. Bucha ya Cornelius ilikuwa imejaa. Na aliyesimama mbele kabisa akichaguliwa maini alikuwa Rehemah, muuza vitenge, ambaye mumewe huongoza sala msikitini! Nikaenda pale pale.

"Cornelius," nikasema, "nani amekuchinjia?"

Akajifanya anafuta mizani. "Shemeji, mambo ya biashara ni magumu."

"Nimekuuliza nani."

"Zubairi. Ila usiseme Jumatatu."

Si yeye peke yake. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wamemrudia Zubairi kimyakimya, na Jumatatu wanaketi mbele ya kijana wanapiga amina kama mvua ya mawe. Mume wangu peke yake ndiye aliyetimiza. Nilimwendea nikamweleza yote.

"Nimetoa neno langu," akasema.

"Nao walitoa lao!"

"Lao ni lao."

Ningeweza kumpiga kwa mwiko. Mtu akiwa mpumbavu peke yake unamhurumia, lakini huyu alikuwa na watoto na mimi nyuma yake. Tuliacha ng'ombe, tukawa tunachinja mbuzi Jumamosi, na mara nyingine hata mbuzi hakumalizika. Na ule ushirika alioulinda? Watu wakishakuwa na jambo la kufichana, hawatazamani usoni. Huyu akasema ana mgeni, yule mguu unamuuma. Mwishoni pale mbele ya bucha walibaki Okanya, Osborn, na mzee mmoja kiziwi aliyefuata chai. Okanya aliongoza wimbo vile vile.

Siku moja Osborn akaja akitabasamu. Alikuwa anaoa, binti wa Tororo aitwaye Anjeline. "Bwana asifiwe, ndugu Okanya."

"Asifiwe sana, Mwinjilisti."

"Nina ombi. Wewe unajua kuchagua ng'ombe. Nataka dume zuri kutoka Merikit kwa ajili ya harusi." Akakohoa. "Na, ndugu, umwombe Mzee Zubairi aje achinje. Upande wa bibi harusi wako wajomba Waislamu, na wafanyabiashara wa mjini nimewaalika. Siku ya wageni ni lazima mtu afikirie wageni."

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilimtazama mume wangu nikajua sasa atasema ni kweli, atakwenda Merikit kwa miguu, atamrudisha dume kwa kamba, na mimi nitakufa kwa kihoro.

"Osborn," akasema. Hakusema Mwinjilisti. "Bucha yangu ilikuwa na wageni kila siku."

Kijana akarekebisha tai yake. "Ndugu, usilichukue hivyo."

"Nenda kwa Cornelius. Yeye anachinjiwa na Zubairi siku nyingi."

"Nilisikia," akasema Osborn polepole.

Alisikia! Alijua, na kila Jumatatu alikaa kwenye benchi letu akipokea amina zao, akimwacha mume wangu azike nyama! Niliweka birika chini kwa sababu nilijiogopa. Nikamwambia atoke, tena si kwa lugha ya kanisa.

Harusi ilifanyika. Maggie, binti yetu, alikwenda na wenzake wa kwaya, akarudi akatueleza. Zubairi alichinja. Cornelius alikuwepo, na ndugu wote wa mabenchi, wamekaa meza moja na wake zao, wanavunja mifupa na kusifu nyama ilivyo laini. Hakuna aliyeumwa mguu siku hiyo. Okanya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Kesho nakwenda kwa Zubairi." Nikasema tutakwenda wote. Nilitaka kuhakikisha kwamba safari hii atasema.

Zubairi alitupokea vizuri, mkewe Hajarah akatandika mkeka. Okanya hakungoja. "Mzee Zubairi, nimekuja kuomba msamaha. Tulikukosea tulipokikataa kisu chako."

"Kisu?" Zubairi akatikisa kichwa. "Baba Maggie, dini yako ni yako. Ungekuja hapa ukaniambia, Zubairi, imani yangu sasa inanikataza, ningekuambia nenda salama, na chai tungekunywa. Lakini mlimwacha mtoto wa juzi anifukuze machinjioni mbele ya wachuna ngozi. Kunifukuza kama mwizi wa kuku. Na wewe ulikuwepo."

Nilimgeukia mume wangu. Mimi niliambiwa mzee ameelezwa na ameelewa.

"Sikumtazama yule kijana," Zubairi akaendelea. "Nilikutazama wewe. Nikasema moyoni, Okanya atasema neno moja, hata moja tu. Wewe ukainama, ukaendelea kukata kwato."

Okanya alikuwa analia waziwazi. "Niliogopa ushirika utavunjika."

"Ulivunjika pale pale, Okanya. Ulivunjikia hapo kwenye kwato."

Miezi yote ile nilimkasirikia kijana, nikamkasirikia Cornelius, nikaukasirikia mji mzima.

"Sasa sikiliza," Zubairi akasema. "Kuchinja nitakuchinjia, tangu alfajiri ya kesho ukitaka. Hiyo ni kazi yangu, na watoto wako lazima wale. Kukaa na nyinyi Jumatatu, hapana."

Hajarah akaleta maji ya kunawa, kwa sababu kwao mgeni haondoki hajala. Nyama ilikuwa nzuri, imepikwa ikaiva. Nilimuuliza ameinunua wapi, nikitafuta tu la kusema, akanijibu ameinunua kwa Cornelius.