Oveni ya Mzee na Tabaka la Juu

Nina mdomo, nakubali. Siku niliyomaliza kuunganisha oveni ya mzee na kompyuta ya ofisini, nilijigamba mbele ya meneja: "Mtandao uko fiti, bosi. Lala usingizi."

Mzee alikuwa mwokaji mkate katika kiwanda chetu cha Industrial Area, Nairobi, mtu wa Kakamega, na kwa miaka mingi aliandika joto la oveni yake daftarini kila nusu saa. Sasa kompyuta ingejisomea. Wiki ya kwanza tu, ikaonyesha joto la chini kuliko la daftari. Njia ya mwongo ni fupi, meneja akasema, na akampa mzee barua ya onyo: eti anaandika namba za kubuni. Barua ya pili ingemfungisha virago.

"Msichana wangu," aliniambia tukinywa chai, "nianze kudanganya uzeeni nikitafuta nini?"

Roho iliniuma. Chuoni tulifundishwa kwamba mawasiliano ya mitambo yamepangwa kwa tabaka saba. Chini kabisa kuna waya. Katikati kuna anwani na njia. Juu kabisa ndiko mitambo huelewana ni nini hasa kinachoulizwa. Nikapima upya. Waya mzima. Nikatuma ujumbe wa majaribio kwa mtambo unaoendesha oveni zote, ukajibu papo hapo. Nikatosheka, kama mtu aliyejibiwa "poa" akadhani ameshajua habari zote za nyumbani.

Jumamosi mama alikuja kunitembelea katika jengo ninakopanga mtaani Tassia. Nilikuwa nimemwelekeza ghorofa ya tatu, mlango wa kwanza kushoto. Akanipigia simu kwa hasira.

"Nimebisha mpaka mkono unauma. Kuna mwanamume wa taulo hapa anasema hakujui!"

Nikachungulia ngazini, nikamwona chini yangu. Alikuwa amehesabu kuanzia chini kabisa: moja, mbili, tatu. Sisi wapangaji hatuanzi kuhesabu mpaka tupande ngazi za kwanza.

"Kwani wale wa chini hawaishi popote?" aliuliza.

Nilicheka, kisha nikaikumbuka oveni ya mzee.

Jumatatu niliwahi kazini, nikafungua kitabu cha maelezo ya mtambo. Ulikuwa na visanduku vya kuwekea namba za joto, kila oveni na chake, na ulivihesabu kuanzia sufuri. Kompyuta mimi niliiambia ianzie moja. Kwa hivyo iliomba joto la oveni ya mzee, ikapewa la jirani yake, oveni ya keki, isiyohitaji moto mwingi. Waya haukuwa na neno, wala njia. Nilikuwa nimeharibu kule juu, kwenye maana.

Nikarekebisha. Namba ya kompyuta na ya daftari zikawa moja. Nikawaita meneja na mzee, nikasema mbele yao kwamba kosa ni langu. Meneja akatoa nakala yake ya ile barua aichane, lakini mzee akamzuia.

"Usiichane, bosi. Mke wangu ameshaisoma. Mlinichafua kwa maandishi, nisafisheni kwa maandishi."

Meneja akanitazama. Nikavuta kiti, nikaandika mwenyewe, nikataja kosa langu bila kuzungukazunguka, nikatia sahihi. Sijawahi kuandika barua kwa moyo mkunjufu kama ile. Mzee aliisoma mstari kwa mstari, kisha akanirudishia.

"Ongeza hapo," alisema, "kwamba mkate ulikuwa umeiva."