Siku GV Ilipoisha Mtaani Kwetu

Jumatano, tarehe 27 Novemba 2024. Mpanda iliamka na mawingu mazito na manyunyu ya kuudhi, yale ambayo hayaloweshi na hayaachi.

Siku hiyo GV iliisha kwenye duka la dawa la mtaani kwetu.

GV hiyo hiyo ya zambarau, unayompaka mtoto mdomoni akiwa na utando. Chupa kumi na nane zilikwisha kabla ya saa saba mchana. Na mtoto mgonjwa hakuwepo hata mmoja.

Ngoja niwaambie ilikuwaje.

Naitwa Specioza, wengi wananiita Mama Natalia. Mtaa wetu uko nyuma ya stesheni. Nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikaanga pilipili, anayepiga chafya ni wewe. Bajaji haiingii.

Mwaka juzi binti yangu Natalia alishikwa na uchungu. Tulimbeba kwenye godoro mpaka barabarani, tukigonga kuta huku na huku. Mtoto hakufika hospitali akiwa hai.

Sasa Natalia alikuwa na mimba tena. Miezi minane.

Kwa hiyo uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa kwangu haukuwa porojo. Telesphor, fundi seremala, alisema akishinda atafungua njia ipite bajaji. Mzee Abuu, mwenyekiti wetu wa miaka kumi, alisema njia iliyopo inatosha. Inamtosha nani? Kuku?

Ukipita kwenye kijiwe cha kahawa cha Mikidadi, ungeapa Telesphor ameshaapishwa.

"Abuu safari hii tunamng'oa na mizizi!" Hiyo ni sauti ya Dulla wa bodaboda.

"Mtaa mzima ni wa mabadiliko, nyie subirini tu!" Huyo ni Methusela, fundi cherehani.

Midomo hiyo, jamani! Kila mmoja mchambuzi. Mikidadi akatia chumvi: "Sikilizeni. Asiye na wino kidoleni haketi kwenye benchi langu."

Wote wakapiga makofi.

Mimi nilianza kusoma madarasa ya jioni nikiwa na miaka arobaini na tisa. Chaguzi zilizopita nilikuwa naingia na mtu wa kunisaidia kuweka alama, na mpaka leo sijui alimchagua nani. Safari hii nilisoma jina langu mwenyewe kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Nililisoma mara tatu. Nikalia, nikamshukuru Mungu.

Matokeo yakatoka. Waliojiandikisha mia sita na arobaini. Waliopiga kura tisini na saba.

Abuu hamsini na mbili. Telesphor arobaini na tano.

Alhamisi asubuhi nikaenda kijiweni nikiwa nawaka. Nawakuta wamejaa benchi zima, vidole vya zambarau juu.

"Tumeibiwa!" Dulla anafoka. "Kura yangu iko wapi?"

"Na yangu!" Mikidadi naye, birika mkononi.

Hapo akatokea Bushra, muuzaji wa duka la dawa, na chupa ya spiriti na pamba.

"Kaka Dulla, hebu lete kidole."

"Cha nini?"

"Lete. Wino wa kura hautoki kwa spiriti. GV inatoka."

Dulla akautumbukiza mkono mfukoni kama aliyeguswa na kaa la moto. Bushra akaanza na Methusela. Pamba ikaja zambarau, kidole kikabaki cheupe. Akamshika Mikidadi. Cheupe. Mwisho Dulla naye akautoa wake. Watu tisa kwenye benchi, vidole vinane vyeupe. Aliyebaki na wino wa kweli alikuwa Telesphor peke yake.

"Mimi nilikuwa na kahawa jikoni," Mikidadi akanung'unika.

"Mimi nilijua tunashinda tu," akasema Methusela.

Nikawashukia. "Wanaume wazima! Mnajipaka dawa ya watoto! Mmemuuza Natalia wangu kwa kikombe cha kahawa! Mungu anawaona!"

Mikidadi akajifanya anapanga vikombe.

Bushra akanigeukia. "Na wewe, Mama Natalia. Mbona mkono wa kushoto uko ndani ya kanga tangu umefika?"

Nikautoa. Kidole changu hakikuwa na GV. Hakikuwa na wino pia.

Mimi ndiye kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa hapa mtaani. Tulikuwa kwenye novena, sala za siku tisa, ya kumwombea Telesphor ashinde, na siku ya tisa iliangukia siku ya kura. Akina mama kumi na wawili, kwangu, na rozari. Nikawaambia tumalize kwanza, tutakwenda saa tisa. Saa tisa mvua ikashuka ya kweli. Tukafika kituoni saa kumi na dakika tano, mlango umefungwa.

Tulikuwa kumi na wawili. Telesphor alishindwa kwa kura saba.

Dulla akacheka mpaka akakohoa. "Sisi angalau tuliona aibu, mama, tukajipaka!"

Nikaurudisha mkono ndani ya kanga.

Telesphor akaweka kikombe chini. "Mama Natalia, hata ningeshinda, ningeanzia kwako. Bafu lako ndilo limeingia njiani hatua mbili."

Kweli. Nililijenga mwenyewe. Siku tisa nimepiga magoti namwomba Mungu afungue njia, na matofali yaliyoiziba ni yangu.

Wewe unayesoma hapa na kucheka, angalia kidole chako kwanza. Mtaa wetu unaegemea mabadiliko kwa mdomo. Miguu inaegemea benchi. Na Mungu, nimejifunza, hapangi foleni kwa niaba ya mtu.

Nikasimama juu ya benchi lile lile la Mikidadi.

"Sikilizeni wote. Bushra, Telesphor, na nyie waongo wa GV, muwe mashahidi. Mimi Specioza, kesho saa moja asubuhi, nikitoka kusali, nabomoa bafu langu kwa mikono yangu. Natalia akishikwa uchungu, bajaji itafika mlangoni."